Meza ya Katikati

Wafadhili walipochoka kutoa pesa bila kuona matunda yake, waliamua kutoa semina. Ndivyo ofisi ya Muungano wa Vyama vya Wavuvi, pale Homa Bay, ilivyopata bahati ya kufundishwa namna ya kufanya kazi iliyokuwa ikiifanya tangu ijengwe. Mwalimu aliletwa kutoka Nairobi kwa gari jeupe, pamoja na karatasi kubwa kama shuka, kalamu za rangi zenye harufu ya kuumiza kichwa, na katoni kadhaa za maji ya chupa. Hayo maji yaliwashangaza watu kuliko semina yenyewe, maana ziwa zima lilikuwa pale nje ya dirisha na hakuna aliyewahi kulilipia.

Phelesia Auma alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Rusinga, na cheo chake katika ofisi hiyo kiliandikwa "msaidizi wa masjala". Nini hasa maana ya cheo hicho, hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakujiuliza, kwa sababu mshahara ulikuwa unakuja. Tangu mumewe Javan apunguzwe kazini na kurudishwa nyumbani na cheti cha shukrani, mshahara huo ndio uliokuwa unga, mafuta ya taa na karo ya watoto. Javan alikitundika ukutani cheti chake, akakaa chini yake, akawa mtu wa maoni.

"Mimi sikuja kuwachunguza," alisema mwalimu, Bwana Stanley Werema. Alikuwa Mkuria wa Kehancha huko Migori, lakini Nairobi ilikuwa imemkaa vizuri: tai, kitambi kidogo, na Kiswahili cha kuomba radhi kila baada ya sentensi ya Kiingereza. "Nyinyi wenyewe ndio mtajichunguza. Nani anajua kazi yako kuliko wewe? Wewe mwenyewe utaiangalia, utaona pale inapokwama, na utairekebisha. Mimi ni wa kushika kalamu tu."

Watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Ofisi ya jirani nayo ilikuwa imejichunguza mwaka uliotangulia, na sasa nusu ya waliojichunguza walikuwa wanauza mandazi stendi.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora safari ya karatasi moja. Wakaichagua ripoti ya samaki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikichelewa kila mwezi na wafadhili walikuwa wameilalamikia. Hesabu zilikuja kutoka Sindo, Takawiri na Rusinga. Chrispine Owiti, karani wa takwimu, alizipanga na kuandika ripoti kwa mkono. Zilpah, mpiga taipu mkuu, aliipiga. Chrispine aliisoma tena na kurekebisha, kisha Bwana Makori, meneja, akatia sahihi. Safari rahisi, mtu angedhani. Lakini mchoro ulipokamilika, ilionekana kwamba kila ripoti ilipotoka kwa Chrispine kwenda kwa Zilpah ilitua kwanza kwenye meza ya Phelesia, na iliporudi ikatua pale pale tena, kila mara, kana kwamba inaenda kumwamkia nyanya yake.

Werema aliizungushia meza hiyo duara jekundu. "Hapa," alisema. "Chumba cha Bwana Chrispine na cha Mama Zilpah vimetenganishwa na plaiwudi tu. Hii karatasi inafuata nini hapa katikati?"

Chrispine aliitazama dari. Zilpah, aliyekuwa amekaa kona ya mbali kabisa na kumpa Chrispine mgongo, alitafuta kitu kwenye pochi yake. Meneja Makori alifungua chupa ya maji, akanywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Jibu lilikuwa fupi, na mtoto yeyote wa Homa Bay angelitoa bila kufikiri. Zilpah alikuwa mama mkwe wa Chrispine.

Zamani hao wawili walikaa chumba kimoja, wakanywa chai ya chupa moja na kutaniana kutwa nzima. Kisha binti wa Zilpah, Valary, akawa na mazoea ya kumletea mama yake chakula cha mchana, na Chrispine akawa na mazoea ya kuwa na njaa saa hiyo hiyo. Phelesia aliyaona, akafurahi, akajitia kati. Yeye ndiye aliyekuwa jagam wao, mpatanishi anayepeleka maneno ya posa upande huu na upande ule, na ndiye anayelaumiwa ndoa ikiharibika. Ng'ombe walipoingia boma la kina Zilpah, Zilpah hakuwa tena mama wa kutaniwa. Akawa maro, mama mkwe. Maro hukai naye chumba kimoja. Humnyooshei mkono. Humwangalii akitafuna. Ofisi nzima ilijikuta na harusi nzuri na kazi iliyosimama. Ndipo Makori akaleta fundi na plaiwudi, akaweka meza kwenye ujia kati ya vyumba viwili, akamwita Phelesia kutoka mapokezi. "Wewe ndiye uliyewaunganisha," alimwambia. "Sasa kaa hapa uwatenganishe."

Kwa nini basi lisisemwe, kama kila mtu analijua? Kwa sababu asubuhi hiyo, kabla gari jeupe halijafika, Makori alikuwa amewakusanya watu wake nyuma ya choo. "Wafadhili hawataki undugu ofisini," aliwaambia. "Wakikuta watu wawili wa familia moja kwa idara moja, mmoja anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Ni sharti, limeandikwa. Kwa hivyo hapa hatuna ndugu, hatuna mkwe, hatuna shemeji. Hapa kuna wafanyakazi." Alimwangalia Phelesia alipomaliza, na Phelesia akaelewa hesabu ilivyokaa. Akisema, Zilpah au Chrispine anapoteza kazi. Akinyamaza, meza yake inabaki bila sababu yoyote duniani.

"Mama Phelesia," aliita Werema kwa upole, "meza ni yako. Tuambie wewe mwenyewe unaongeza nini kwa hii karatasi."

Phelesia alisimama. "Naiangalia," alisema.

"Unaiangalia. Halafu?"

"Halafu naipeleka."

Mtu fulani mbele alicheka, kisha wakacheka wengine, kicheko cha watu wanaomshukuru Mungu kwamba si wao. Werema hakucheka. Aliandika KUANGALIA kwa herufi kubwa, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, na alama hiyo ikabaki ukutani mpaka jioni, watu wakinywa chai chini yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Phelesia mwenyewe hakulifikiria kuwa ni kazi. Chrispine alikuwa na mdomo. Akiona kosa alisema, kwa sauti ya chini, kumwambia Phelesia: "Hebu mwambie huyo mama aache kusinzia kwa mashine, ameruka mistari miwili." Phelesia aliinuka, akapita plaiwudi, na kufikia upande wa pili maneno yalikuwa yameoga na kubadilisha nguo. "Mkweo anakusalimu. Anasema macho yanamsumbua siku hizi, haioni mistari miwili hapa, labda umsaidie." Zilpah naye hakuwa malaika. "Mwambie aandike kama mtu aliyeenda shule. Hii ni mwandiko ama kuku amepita hapa?" Phelesia alirudi, akaketi, akashusha pumzi. "Maro anashukuru. Anaomba tu ukipata nafasi uandike herufi kubwa kidogo, miwani yake ni ya zamani." Hivyo wakaishi kwa heshima kubwa, kila mmoja akisimulia mjini jinsi mwenzake alivyo na adabu.

Si kwamba Phelesia alikuwa mtakatifu. Aliyepita mezani kwake bila salamu, faili yake ilipata usingizi mrefu. Na alipenda kujua mambo kabla ya meneja. Lakini kupenda kujua mambo hakukuwa na sehemu yake kwenye mchoro.

*

Jioni hiyo jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mlima Asego Chrispine alipofika nyumbani kwa Phelesia, Makongeni, na pakiti ya sukari mkononi. Javan alimkaribisha kwa furaha ya mtu ambaye siku nzima hakuwa na wa kumpa maoni.

"Mama," alisema Chrispine, akikaa ukingoni mwa kiti, "nimekuja juu ya hiyo maneno. Unajua mimi ndiye niliajiriwa mwisho. Ukisema tu ule ni maro wangu, ni mimi wananitoa. Na Valary ako hivi unavyomjua, tumbo imefika hapa."

"Sijasema kitu," alisema Phelesia.

"Najua hujasema. Nakuomba uendelee."

"Na yeye asiposema, ni nani anatolewa?" aliuliza Javan kutoka chini ya cheti chake. "Ama hiyo hamkufundishwa?"

Kabla Chrispine hajapata jibu, mlango wa mbele ulibishwa. "Hodi hapa kwa Nyar Rusinga," ilisema sauti ya Zilpah, ikimwita Phelesia binti wa Rusinga.

Chrispine aliruka kama aliyekalia moto. Hakuna mkwe mwenye akili zake anayekaa kiti kimoja na maro kwenye sebule ya futi chache. Aliingia jikoni na kikombe chake, akajibanza kati ya masufuria na debe la maji, na pazia lilikuwa bado linacheza Zilpah alipoketi mahali pale pale, kwenye kiti kilichokuwa na joto la mkwewe. Alikuwa ameleta samaki wawili wamefungwa kwa gazeti.

"Phelesia, mimi sina maneno mingi. Nimebakisha kidogo tu nistaafu na heshima yangu. Nikitolewa sasa, ile pensheni naisikia kwa redio tu. Huyo kijana bado ana nguvu, anaweza pata kazi mahali. Lakini usimtaje. Usitaje mtu. Wewe ni jagam, hii nyumba yao ni wewe uliijenga."

"Nimesikia, Min Valary," alisema Phelesia, akimwita mama Valary kwa Kijaluo.

"Na mkwe wangu usimwambie nilikuja. Yule ni mtoto wa heshima sana, atajisikia vibaya."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. "Ni paka," alisema Javan. "Hii nyumba ina paka mmoja mkubwa, anakunywa chai." Phelesia alimkata jicho, lakini Javan alikuwa ameanza kufurahi na hakuna ambacho kingemzuia. Zilpah alipoondoka, Chrispine alitokea mlango wa nyuma, akapita kati ya kuku, suruali imelowa maji ya debe, na hakuomba tena chochote.

"Sentensi moja," alisema Javan, akifungua gazeti kuona samaki. "Kesho unasimama, unasema sentensi moja, unakaa. Mbona unataka kufa kwa ajili ya watu ambao hawawezi kukaa sebule moja?"

"Mimi ndiye niliyewaoza."

"Basi waambie wakulipe mshahara."

Phelesia alichukua samaki, akaenda kuwapaa nje. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani, kwa hiyo magamba yaliruka mpaka uani kwa jirani.

*

Siku ya pili ilikuwa ya majaribio. Werema alieleza kwamba hatua yenye mashaka huondolewa kwa muda, kazi ikajaribiwa bila hatua hiyo, na wafanyakazi wenyewe wakaona tofauti. "Mama Phelesia, leo wewe pumzika. Kaa hapo kando. Usifanye chochote. Bwana Chrispine, chukua ripoti, mpelekee Mama Zilpah mkononi. Sisi tutaangalia."

Waliangalia kweli. Wafanyakazi wote walijipanga kwenye ujia, na Makori akasimama nyuma yao akijifuta jasho kwa leso. Chrispine alichukua ripoti. Alitembea kama anayepeleka maiti. Alipofika mlangoni mwa Zilpah alisimama, akageuza uso kwenye ukuta, akanyoosha mkono ndani ya chumba kama kipofu anayeomba. Ndani, Zilpah alikuwa amejitanda leso kichwani na kuligeukia dirisha. Mkono ulikaa hewani. Hakuna aliyeupokea.

"Mpe tu," alihimiza Werema. Sauti yake haikuwa na nguvu ya jana.

Upepo wa ziwa uliingia dirishani, na karatasi zikamtoka Chrispine vidoleni, zikatawanyika sakafuni, nyingine zikaingia chini ya meza ya taipu. Chrispine hakuweza kuingia kuinama mbele ya miguu ya maro. Zilpah hakuweza kuinama mbele ya mkwewe. Wakabaki hivyo, mmoja ameangalia ukuta, mwingine ameangalia ziwa, na katikati Sindo imechanganyika na Takawiri.

Phelesia alikuwa ameinuka kabla hajajua kwamba ameinuka. Alipiga magoti, akaokota, akapanga kurasa, akazipangusa kwa gauni lake na kumkabidhi Zilpah kwa mikono miwili. "Mkwe—" alianza, akaumeza mwisho wa neno. "Bwana Chrispine anasema karibu." Kisha akarudi kando akaketi. Watu walianza kupumua. Hata Werema alipumua.

Lakini Werema alikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa ya kushika kalamu. Alirudi kwenye karatasi kubwa. Aliipa ofisi mgongo, akaandika alichotumwa kuandika: kwamba mhusika wa hatua hiyo aliingilia kati hata baada ya kuombwa akae, kwamba tatizo ni mazoea, kwamba hatua hii haiongezi chochote. Akaifuta meza ya Phelesia, akachora mstari mpya kutoka kwa Chrispine mpaka kwa Zilpah, bila kona.

"Mnaona?" alisema Makori, akiwa wa kwanza kupiga makofi. "Mstari umenyooka."

Wengine nao wakapiga makofi, macho yakiwa kwenye viatu vyao. Zilpah alipiga. Chrispine alipiga. Phelesia, kwa kuwa hakujua mtu aliyefutwa anatakiwa kufanya nini, naye alipiga.

Mchana alimkuta Werema peke yake, akipakia kalamu ndani ya gari jeupe. Alikuwa anaelekea Migori kwenda kuisaidia ofisi ya huko nayo ijichunguze.

"Bwana Werema," alisema Phelesia, "ukienda Migori si utafika mpaka kwenu Kehancha?"

"Nitafika. Mke wangu alizaliwa huko pia. Lazima nisalimie."

"Utalala kwa kina mama mkwe?"

Werema aliacha kupakia. Kwa mara ya kwanza katika siku mbili hakuanza na Kiingereza. "Mimi nikienda huko nalala lojingi," alisema. "Chai naletewa nje." Aliangalia kulia na kushoto. "Mama, niliona tangu jana wakati wa chakula. Yule kijana alibeba sahani yake akaenda kulia kwa mlinzi. Mimi si mtoto."

"Sasa mbona umenifuta?"

"Kwa sababu hujasema. Hii tathmini ni yenu, mimi siruhusiwi kuwaongezea maneno. Ukisema hapa, sasa hivi, nitaandika, na meza yako itarudi. Lakini nikiandika, ile sharti nyingine nayo itafanya kazi yake." Alishika kalamu kabisa, akaifungua. "Sema."

Kupitia dirisha Phelesia aliona mgongo wa Zilpah kwenye taipu. Alifungua mdomo. Aliitaka ile meza, Mungu ndiye shahidi, aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Kisha akamwona Valary akiingia getini na chakula cha mama yake, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Safari njema," alimwambia Werema. "Salimia watu wa Kehancha."

*

Phelesia alipunguzwa mwisho wa mwezi. Makori alitoa hotuba, akamsifu kwa utumishi wa muda mrefu katika meza ambayo sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba haikuwa na kazi, na akamkabidhi cheti kinachoshuhudia kwamba Phelesia Auma ameshiriki kikamilifu kutathmini na kuboresha utendaji wake mwenyewe. Javan alikisoma mara mbili kwa sauti, kisha akatafuta msumari.

"Kaa hapa karibu na changu," alikiambia cheti. "Tutakula nyinyi."

Siku za kwanza Phelesia alikaanga omena akauza nje ya nyumba, karibu na njia, na wateja walikuwa wenzake wa jana waliokuja kumpa pole na kukopa. Omena wakaisha, pole zikabaki. Kaka yake wa Rusinga aliandika kuuliza kama ni kweli amefukuzwa kwa kukaa bure. Mtoto wa pili akarudishwa nyumbani kwa karo.

Halafu, jioni moja, Chrispine akatokea mlango wa nyuma na bahasha. "Mama, naomba tu msaada kidogo. Hii ripoti. Unajua kule ofisini sasa mstari umenyooka, lakini haipitiki. Nikiacha kwa dirisha, upepo. Nikituma mlinzi, anaipeleka kwa meneja. Nikasema nikuletee, maro naye apitie hapa akienda nyumbani. Wewe si bado ni jagam wetu?"

Na Phelesia akapokea. Zilpah akapitia mlango wa mbele, akachukua, kesho yake akarudisha. Ripoti iliyokuwa ikitembea hatua chache ndani ya ofisi sasa ilipanda kilima mpaka Makongeni, ikalala kwenye kabati pamoja na sahani, ikashuka tena. Makori aliyajua yote na hakuuliza. Ukutani kwake mchoro ulibaki, mstari mweusi, mnyoofu, na wageni walipokuja aliwaonyesha.

"Kwa hiyo," alisema Javan, "sasa unafanya kazi ile ile, bila meza na bila mshahara. Huyo Mkuria amekuboresha kweli."

Maneno hayo yalimwingia Phelesia yakakaa. Alipokuwa anasonga ugali yalikuwa pale. Kanisani yalikuwa pale.

Alhamisi Chrispine alileta ripoti iliyopigwa taipu, amekasirika, amechelewa, amekaripiwa na Makori. "Mwambie huyo mama mashine imemshinda. Kama ni uzee, astaafu, aachie watu wenye macho. Mimi nimechoka kubebeshwa makosa ya mtu." Akaondoka kupitia kwa kuku.

Zilpah alifika muda si mrefu baadaye, akaketi, akavua viatu kupumzisha vidole. "Haya, mkwe wangu amesema nini?"

Sentensi nzuri ilimjia Phelesia mdomoni yenyewe, imeshaoga, imeshavaa. Anakusalimu sana. Anakuhurumia kwa kazi nyingi. Alikuwa tayari kuitoa alipoinua macho na kuona cheti chake ukutani. Hatua hii haiongezi chochote. Akaona basi, kwa nini aongeze?

"Amesema mashine imekushinda," alisema Phelesia. "Kama ni uzee, ustaafu, uachie watu wenye macho. Amechoka kubebeshwa makosa yako."

Zilpah alivaa kiatu kimoja. Kingine alikishika mkononi. Aliangalia ndani ya kile kiatu. Kisha akasema maneno yake, mengi, kuhusu kijana aliyekuja mjini na kaptula moja, na ng'ombe waliokonda mpaka aliona haya kuwapokea, na binti yake ambaye angeolewa na daktari. Kesho yake Chrispine aliyapata yote, mlango wa nyuma, hata kaptula, hata idadi ya mbavu za ng'ombe. Phelesia hakuongeza kitu. Hakupunguza pia.

Kufikia Jumamosi Valary alikuwa amechukua begi lake na tumbo lake, akarudi kwa mama yake.

*

Jumapili baada ya kanisa Chrispine alikuja amevaa shati la jana. Hakukaa. Alisimama jikoni, bega kwenye fremu ya mlango wa nyuma.

"Mama, umemwambia nini yule?"

"Ulichosema."

"Lakini wewe kila siku huwa..." Alitafuta neno, na neno lenyewe halikuwa kwenye mchoro wowote aliowahi kuuona. "Kila siku huwa haiendi hivyo."

"Kila siku inaendaje, Chrispine?"

Alikuwa ameanza kuelewa, na ilionekana usoni kwamba anaelewa kwa shida. Mlango wa mbele ukabishwa. Safari hii Zilpah hakusema hodi kwa Nyar Rusinga. Alisukuma tu, akaingia, akaketi na pochi yake kifuani. Macho yalikuwa yamevimba. Chrispine alirudi nyuma mpaka kwenye debe la maji, na pazia likabaki kati yao.

"Najua yuko huko," alisema Zilpah. "Nimeona baiskeli yake. Phelesia, mwambie..."

"Mwambie mwenyewe, Min Valary." Phelesia alivuta kiti, akakiweka katikati ya sebule, akakaa. "Mstari umenyooka. Mimi nilifutwa, na nyinyi wawili mlipiga makofi."

Javan alifungua mdomo, akaona uso wa mkewe, akaufunga. Ilikuwa ni jambo ambalo nyumba hiyo haikuwa imelishuhudia. Chai ilichemka jikoni, na Chrispine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, aliipunguzia moto.

"Nilipewa nafasi ya kusema sentensi moja nijiokoe," aliendelea Phelesia. "Kalamu ilikuwa imefunguliwa. Sikusema, kwa ajili yenu. Sasa nimenyamaza vya kutosha."

Mwishowe Zilpah alikohoa, akaligeukia pazia, si sana, bega moja tu. "Ja-Kanyada," aliita, yaani mtu wa Kanyada, kwa jina la kwao. Tangu harusi hakuwa amewahi kumwita moja kwa moja. "Kesho wewe unaenda kwa meneja kumwambia mimi ni nani wako, ama niende mimi?"

Nyuma ya pazia kijiko kiligonga kikombe. Kisha sauti ndogo: "Nitaenda, mama."

"Na wakisema mmoja atoke?"

"Wakisema, nitatoka mimi. Meza ya mama Phelesia irudi." Halafu, chini chini, kwa nafsi yake, kwa namna ambayo hakuweza kujizuia hata siku kama hiyo: "Bora nikauze mandazi kuliko hii kichwa ngumu ya huyu mzee."

Zilpah, ambaye masikio yake yalikuwa na umri sawa na miwani yake, alinyoosha shingo. "Hapo mwisho amesema nini?"

Javan aliangalia sakafu. Chrispine aliacha kupumua. Phelesia aliinuka polepole, akapita pazia, akachukua birika na vikombe, akarudi.

"Anasema amekosa, na Valary asitembee kwenye jua na hali ile," alisema. "Anasema hajaona maro mwingine kama wewe."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo," alisema Phelesia, akammiminia chai.